Mchoro wa Huduma ya Data na Faili Linalobaki Nyuma Yake

Zana ya kuchora modeli ya data huvutia tangu dakika za mwanzo. Msanidi programu huburuta kisanduku kutoka pembeni mwa skrini, hukipa jina, huongeza sifa zake, kisha huvuta mstari hadi kisanduku cha pili, na papo hapo zana humzalishia majedwali, msimbo wa programu na anwani ambazo programu nyingine zinaweza kuziita ili kusoma au kuandika data. Kasi hiyo ni ya kweli na ina manufaa yake. Lakini huduma ya data huishi miaka mingi baada ya siku iliyochorwa, hubadilishwa na watu ambao hawakuwepo wakati inabuniwa, na hutegemewa na programu ambazo wenye huduma wenyewe hawazifahamu zote. Kwa sababu hiyo ninashikilia kwamba zana za aina hii zipimwe kwa faili ambalo huliacha baada ya dirisha la kuchorea kufungwa: faili hilo lina nini ndani yake, nani anaweza kulisoma bila zana yenyewe, na ni mambo gani limeyachanganya ambayo yalistahili kukaa mbalimbali.

Misingi ya suala hili iliwekwa mapema sana. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtafiti wa IBM, alieleza modeli ya uhusiano, yaani ya kupanga data katika majedwali, ambayo hifadhidata nyingi za leo bado zinaifuata. Mwaka 1975 kamati ya Marekani inayojulikana kama ANSI/SPARC ilitoa ripoti ya awali iliyopendekeza kwamba data itazamwe katika tabaka tatu: namna inavyohifadhiwa ndani ya mashine, namna shirika linavyoielewa kwa ujumla wake, na namna kila kundi la watumiaji linavyoiona. Mwaka uliofuata Peter Chen alichapisha modeli yake ya huluki (vitu ambavyo data inavihusu, kama kitabu au mwandishi) na mahusiano pamoja na michoro ya mistatili na almasi ambayo kila mwanafunzi wa kompyuta ameichora angalau mara moja darasani. Zana zote za kuchora huduma za data ni wajukuu wa mawazo hayo, na kasoro zake nyingi zinatokana na kusahau moja kati ya tabaka hizo tatu.

Chukua mfumo mdogo wa maktaba. Kitabu kinaweza kuwa na waandishi kadhaa, na mwandishi anaweza kuwa na vitabu kadhaa. Katika tabaka la uhifadhi tunahitaji majedwali matatu: la vitabu, la waandishi, na jedwali la kati linalobeba funguo, yaani namba za utambulisho, za pande zote mbili. Katika tabaka la dhana kuna huluki mbili tu zilizounganishwa na uhusiano mmoja, kwa kuwa hakuna mkutubi anayezungumza kuhusu jedwali la kati. Katika tabaka la huduma, yaani kile ambacho programu ya nje inapokea, huenda kukawa na kitu kimoja tu: kitabu, ambacho ndani yake mna orodha ya majina ya waandishi. Ni data ile ile yenye maumbo matatu, na kila umbo lina sababu yake. Zana nzuri humruhusu msanidi kuyaona maumbo hayo na kuyabadilisha kila moja kwa wakati wake, ilhali zana dhaifu humwonyesha umbo moja na kumwacha aamini kwamba hayo mengine mawili yanafuata yenyewe.

Mfano wa kihistoria unaofaa kuchunguzwa kwa makini ni kihariri cha modeli kilichokuja na Entity Framework, zana ya Microsoft ya kuunganisha msimbo na hifadhidata, mwaka 2008 ndani ya Visual Studio, programu yake ya kuandikia msimbo. Wabunifu wake waliielewa vyema nadharia. Faili la EDMX lililozalishwa na kihariri hicho lilikuwa na sehemu ya modeli ya uhifadhi, sehemu ya modeli ya dhana, na sehemu ya ulinganisho iliyoeleza jinsi moja inavyoingia katika nyingine. Juu ya modeli hiyo ya dhana msanidi aliweza kuweka huduma ya data iliyofuata kanuni za OData, itifaki ya kusoma na kuandika data kupitia wavuti ambayo baadaye, mwaka 2014, toleo lake la 4.0 lilipitishwa na shirika la OASIS kuwa kiwango rasmi. Kwa hatua chache za kipanya, hifadhidata iliyokuwa imefungiwa ndani ya seva iligeuka kuwa huduma ya wavuti ambayo mtu aliweza kuichunguza kwa kivinjari cha kawaida.

Hapo ndipo tabaka la tatu lilipopotea. Modeli ya dhana, iliyokusudiwa kuwasaidia wasanidi wa ndani, ilichapishwa kama ilivyo kuwa mkataba na ulimwengu wa nje. Sema sasa kwamba mkutubi anataka waandishi wapangwe kama walivyopangwa kwenye jalada, kwa hiyo jedwali la kati linaongezewa safu moja inayoitwa nafasi. Hitaji ni dogo na la haki kabisa. Lakini katika modeli ile, mstari wa uhusiano haukuweza kubeba sifa yoyote. Jedwali la kati lililokuwa limefichwa nyuma ya mstari hulazimika kujitokeza kama huluki kamili, tuiite Uandishi, na njia ambayo programu za nje zilikuwa zikiipita kutoka kwenye kitabu moja kwa moja hadi kwa waandishi inakatika, kwa sababu sasa zinapaswa kupitia Uandishi kwanza. Safu moja iliyoongezwa kwenye hifadhidata inavunja programu za watu ambao hawajui hata kama hifadhidata hiyo ipo.

Ikumbukwe pia kwamba mchoro wa Chen wa mwaka 1976 haukuwa na tatizo hili. Almasi inayowakilisha uhusiano iliruhusiwa kuwa na sifa zake yenyewe, hivyo nafasi ya mwandishi ingekaa pale pale kwenye uhusiano bila kugusa kisanduku chochote. Lugha ya UML, inayotumika kuchora mifumo ya programu, nayo ilikuwa na njia ya kuambatanisha darasa, yaani kisanduku chenye sifa zake, na mstari wa uhusiano. Zana nyingi za baadaye ziliondoa uwezo huo ili mchoro uwe mwepesi na ulingane kwa urahisi na msimbo unaozalishwa. Urahisi huo ulikuwa na gharama, na gharama yenyewe haikulipwa na mchoraji; ililipwa miaka kadhaa baadaye na watumiaji wa huduma.

Ni haki kuongeza kwamba mfumo wa huduma wenyewe ulijaribu kuwalinda watu. Katika WCF Data Services, mfumo wa Microsoft uliotumika kuchapisha huduma hizo, seti zote za huluki zilikuwa zimefungwa kwa chaguo-msingi, na msanidi alitakiwa kuandika kanuni za ruhusa kwa kila seti. Lakini kanuni hiyo iliweza kuandikwa kwa alama moja ya nyota, ikafungua kila kitu kwa mstari mmoja wa msimbo. Ninaamini kwamba kama ruhusa hizo zingeonekana kwenye mchoro wenyewe, tuseme visanduku vilivyo wazi kwa nje viwe na rangi tofauti na vile vya ndani, watu wengi zaidi wangesita kabla ya kuandika nyota. Mchoro ulionyesha umbo la data lakini haukuonyesha mpaka wake, na katika huduma ya data mpaka ndio jambo la kwanza ambalo mtu anahitaji kuliona.

Kasoro ya pili ya faili lile ilikuwa ya kawaida zaidi, na nadhani ndiyo iliyowachosha watu haraka. Mwishoni mwa faili hilo hilo lililobeba maana ya modeli kulikuwa na sehemu ya kihariri, ambamo nafasi ya kila kisanduku kwenye skrini ilihifadhiwa kwa namba. Mtu akisogeza kisanduku kidogo upande wa kulia ili aione mistari vizuri, faili linabadilika. Mwenzake katika tawi jingine la msimbo, yaani nakala inayofanyiwa kazi kando, akiongeza huluki mpya na kupanga upya mchoro wake, faili linabadilika mahali pengi kwa mara moja. Wakati wa kuunganisha matawi, chombo cha kusimamia matoleo kama Git, ambacho hulinganisha mafaili mstari kwa mstari, huona migongano chungu nzima, na msanidi huachwa akisoma matini ndefu ya XML, lugha ya alama iliyotumika kuandika faili hilo, ili abaini ni badiliko lipi linagusa data na lipi linagusa mapambo. Toleo la Visual Studio la mwaka 2012 lilileta nafuu kwa kuruhusu michoro kadhaa ya modeli moja na kuhamishia mpangilio wa mchoro kwenye faili la pembeni. Huo ulikuwa uamuzi sahihi, ingawa ulikuja wakati watu wengi walikuwa wamekwisha kukata tamaa na wameanza kuelekea kwingine.

Kwingine huko kulikuwa kuandika kwanza madarasa ya msimbo, yaani maelezo ya huluki kwa lugha ya programu, na kuyaacha yazalishe hifadhidata. Njia hiyo iliingia rasmi katika Entity Framework 4.1 mwaka 2011, na mrithi wake, EF Core, ilipotoka mwaka 2016 haikuwa na kihariri cha michoro kabisa. Wapo waliosoma historia hii na kuhitimisha kwamba michoro imeshindwa na matini imeshinda. Mimi naona hitimisho hilo limepita kiasi. Kilichoshindwa ni mpango wa kuufanya mchoro kuwa hifadhi pekee ya ukweli wa mfumo, ukiwa umefungwa ndani ya faili ambalo zana moja tu ndiyo inayoweza kulihariri kwa usalama. Haja ya kuona mahusiano ya data kwa macho haikuondoka, na ushahidi ni kwamba watu waliokimbilia msimbo walianza mara moja kutafuta programu za kuwachorea michoro kutoka kwenye msimbo huo.

Matumaini makubwa zaidi yalikuwa yameanza kabla ya hapo. Mwaka 2001 shirika la viwango la OMG, ambalo tangu mwaka 1997 lilikuwa limeipitisha UML kuwa lugha sanifu ya kuchora mifumo, lilitangaza mkabala wake wa usanifu unaoongozwa na modeli, ambapo mchoro usiotegemea teknolojia yoyote ungegeuzwa hatua kwa hatua kuwa msimbo wa jukwaa mahususi. Wazo lilikuwa na mantiki, lakini lilikwama mara nyingi kwenye safari ya kurudi. Msimbo uliozalishwa ulirekebishwa kwa mkono, mchoro haukupata habari ya marekebisho hayo, na baada ya muda timu ilikuwa na maelezo mawili ya mfumo mmoja yasiyokubaliana. Pale ambapo uzalishaji ni wa upande mmoja, chanzo kikajulikana na kinachozalishwa kikaachwa bila kuguswa, mkabala huo hufanya kazi vizuri hadi leo.

Upande wa huduma za wavuti, mkataba wenyewe sasa huandikwa kwa matini. Swagger, muundo wa kuandikia mikataba hiyo ulioanza mwaka 2011, ulikabidhiwa mwaka 2015 kwa mradi wa OpenAPI chini ya Linux Foundation, na toleo la 3.0 la OpenAPI lilitoka mwaka 2017. GraphQL, lugha ya kuomba data kutoka kwa seva iliyotumika ndani ya Facebook tangu mwaka 2012 na kutolewa hadharani mwaka 2015, nayo ina lugha yake ya kueleza aina za data na mahusiano yake. Mafaili haya yanasomeka na binadamu, yanaunganishwa katika Git bila vita, na yanaweza kukaguliwa na mwenzako kabla ya kupitishwa. Kwa kipimo cha faili linalobaki, huu ni ushindi mkubwa, na zana yoyote mpya ya kuchora ambayo haisomi wala haiandiki mojawapo ya miundo hii inapaswa kueleza kwa nini.

Hata hivyo matini ina upofu wake. OpenAPI hueleza vizuri umbo la ombi na la jibu, lakini haina dhana ya uhusiano wa huluki kama hifadhidata inavyoujua. Ukiona sifa iitwayo namba ya mwandishi, hakuna kinachokuambia rasmi kwamba namba hiyo inaelekeza kwenye rasilimali nyingine, isipokuwa mwandishi wa faili ameongeza maelezo hayo kwa hiari yake. Faili likifika maelfu ya mistari, watu wawili katika timu moja wanaweza kueleza kitu kile kile kwa majina mawili, mmoja akaita msomaji na mwingine mwanachama, na hakuna anayegundua kwa sababu hakuna anayelisoma lote. Mchoro uliozalishwa kutoka kwenye faili hilo ungewaonyesha mara moja visanduku viwili vyenye sifa zilezile, kimoja kikiwa kimetengwa pembeni bila mstari wowote.

GraphQL iko karibu zaidi na mchoro kwa asili yake, kwani modeli yake ni mtandao wa aina zinazorejeleana, na zipo programu zinazousoma mkataba wake na kuuchora wote kwenye skrini. Ukiutazama mchoro wa namna hiyo unajifunza jambo ambalo michoro ya zamani ya hifadhidata haikukusudiwa kulisema: kila mstari ni ahadi. Katika mchoro wa hifadhidata mstari hueleza ukweli kuhusu data, kwamba azimo hili, yaani tukio la kuazima kitabu, ni la msomaji huyu. Katika mchoro wa huduma, mstari huo huo unamwambia mgeni kwamba anaruhusiwa kupita hapo, kutoka kwa msomaji hadi kwenye maazimo yake, kutoka hapo hadi kwenye vitabu, hadi kwa waandishi, na kurudi hadi kwenye vitabu vyao vingine vyote, katika ombi moja. Seva isiyoandaliwa itatuma hoja moja, yaani ombi la kutafuta data, kwa hifadhidata kupata orodha, kisha hoja nyingine kwa kila kipengele cha orodha hiyo, na mzigo huongezeka kwa kila mstari unaofuatwa. OData ina hali hiyo hiyo kupitia uwezo wake wa kupanua mahusiano ndani ya jibu moja. Mchoraji anayevuta mstari kwa sababu tu upo katika hifadhidata anatoa ahadi ambayo hajaipigia hesabu.

Kwa hiyo, nikiwa ninachagua zana kwa ajili ya kazi kama hii, jambo la kwanza ninalolitafuta ni kama inaniruhusu kukataa mstari: kuuacha uhusiano katika modeli ya uhifadhi na kuuondoa katika mkataba, bila zana kuurudisha kila inapolinganisha upya na hifadhidata. La pili ni kama mpangilio wa visanduku unakaa mbali na maana yake. Mengine, kama uzuri wa rangi au wingi wa alama, hayanisumbui sana, ingawa alama za mguu wa kunguru zinazoonyesha moja kwa wengi zimedumu tangu miaka ya 1970 kwa sababu nzuri: mtu asiye msanidi huzielewa baada ya maelezo mafupi.

Na huyo asiye msanidi ndiye sababu kuu inayonifanya niitetee michoro. Muulize mkutubi kwa maneno kama azimo moja linaweza kuhusu nakala zaidi ya moja, naye atajibu haraka, pengine bila kufikiri. Mwonyeshe mstari wenye mguu wa kunguru upande mmoja na alama ya moja upande mwingine, mweleze kwamba mfumo hautaruhusu kinyume chake, na mara nyingi atasimama na kukumbuka hali ambayo hakuna aliyeitaja: seti ya juzuu zinazoazimwa pamoja, au kitabu kisichokuwa na mwandishi anayejulikana. Maswali haya ya idadi, kama ni lazima au hiari, kama ni moja au wengi, ndiyo yanayogharimu sana kuyarekebisha baada ya huduma kuanza kutumika, na ubao wa michoro ndio mahali yanapojibiwa kwa bei nafuu. Faili la YAML, muundo wa matini unaotumika mara nyingi kuandikia mikataba ya OpenAPI, halijawahi kuvuta swali la namna hiyo kutoka kwa mtu wa idara nyingine.

Tatizo la ukubwa lipo na halikwepeki. Kuvipanga visanduku ili mistari ipishane kwa uchache kabisa ni miongoni mwa matatizo ambayo nadharia ya kompyuta imeyaweka katika kundi la matatizo magumu liitwalo NP-hard, ambayo hayana njia ya haraka inayojulikana ya kupata jibu kamili, kwa hiyo programu za kuchora hutumia mbinu za kukaribia jibu tu. Mchoro wa huluki mia mbili hutoka ukiwa msitu wa mistari hata programu ikijitahidi vipi. Dawa ni kuacha kuchora kila kitu kwa pamoja. Mchoro uulizwe swali moja, kwa mfano ni huluki zipi zinaguswa na huduma ya maazimo, nao uonyeshe hizo pamoja na jirani zao wa hatua moja. Zana zinazochora kutoka kwenye matini, kama PlantUML na Mermaid, hurahisisha jambo hili kwa sababu kila mchoro ni kipande kifupi cha maandishi kinachoweza kukaa ndani ya nyaraka za mradi. Tangu mwaka 2022 GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, huonyesha michoro ya Mermaid moja kwa moja, na nadhani hilo limewafanya wasanidi wengi waliokuwa wameiacha michoro wairudie.

Kinachokosekana bado, na ambacho ningependa kukiona katika zana hizi kabla ya nyongeza nyingine yoyote, ni ulinganisho wa matoleo kwa macho. Zipo programu zinazolinganisha mafaili mawili ya OpenAPI na kuorodhesha mabadiliko yanayovunja mkataba: sifa iliyoondolewa, sehemu ya ombi iliyokuwa ya hiari ikawa ya lazima, aina ya data iliyobadilika. Orodha hiyo ni muhimu, lakini haimwonyeshi mkaguzi badiliko limekaa wapi katika mfumo mzima wala ni huluki zipi zinazolizunguka. Mchoro mmoja unaoweka toleo la jana na la leo pamoja, mistari iliyoongezwa ikiwa na rangi yake, iliyokatwa ikiwa na rangi nyingine, na Uandishi ikionekana ikijitokeza kati ya kitabu na mwandishi, ungemfanya mkaguzi aulize kuhusu watumiaji wa njia ya zamani kabla badiliko halijaunganishwa kwenye tawi kuu. Mafaili ya matini yanayohitajika kuuchora tayari yamo ndani ya Git, toleo kwa toleo.